Mpira Haujahamia Linux

Leo nazungumza na wewe mwenye kompyuta ya gemu nyumbani, hasa ile ambayo haikutengenezwa iwe ya gemu. Unaijua. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotumika miaka kadhaa ofisini huko Ulaya, ikaletwa kwa kontena, ikauzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ikiwa bado na stika ya kampuni iliyogoma kubanduka. Ukaiongezea RAM, ukatoa diski ya zamani ukaweka SSD, ukatafuta kadi ndogo ya picha inayoenea kwenye kasha lile jembamba, tuseme GTX 1050 Ti fupi. Jioni hiyo hiyo ukaanza kucheza. Naamini mashine za namna hiyo zimefundisha vijana wetu kucheza gemu kuliko zile zenye taa za rangi saba tunazoziona kwenye YouTube.

Sasa mashine hiyo imekutwa na tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, na gemu zako zilifunguka kama jana yake, ila viraka vya usalama vya bure kwa kila mtu viliishia hapo. Na Windows 11 ina masharti: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, na chache tu za kizazi cha 7, au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. OptiPlex 7040 ni kizazi cha 6. EliteDesk 800 G1 ni cha 4. Zote ziko nje ya mlango, ingawa ukizipa kadi ya picha inayofaa bado zinasukuma gemu nyingi bila kulalamika.

Njia za kutokea zipo. Microsoft yenyewe ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila hela ukikubali kuunganisha mashine na akaunti yao. Ya pili unaijua: fundi anaandaa flashi kwa programu iitwayo Rufus, anaruka masharti, na Windows 11 inaingia kwenye mashine isiyoruhusiwa. Inafanya kazi. Lakini Microsoft imeshasema mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata apdeti, maana yake unaishi kwa hisani yao. Kununua mashine mpya sina haja ya kukueleza. Inabaki njia ambayo ndiyo mazungumzo ya leo: kuing'oa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi wa programu huria, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa.

Waandishi wa Ulaya na Marekani wakifika hapa huanza na bei. Watakwambia Linux haina malipo wakati Windows 11 ya nyumbani inauzwa dola 139. Kwetu hoja hiyo haisimami. Tuseme ukweli, wengi wetu hatujawahi kuilipia Windows hata siku moja. Ilikuja na mashine, au fundi aliipachika kwa elfu kadhaa, akatupia na Office na VLC juu yake. Ukimwambia kijana wa Mbagala kwamba Linux ni ya bure, atakuuliza: kwani hii nyingine inauzwa wapi?

Kwa hiyo hoja yangu si bei. Hoja yangu ni ile kreki. Programu hiyo ya kufungua Windows isiyolipiwa mara nyingi huwa na ombi moja kabla haijaanza kazi: zima antivairasi kwanza. Fikiria hilo. Unamzima mlinzi kwa amri ya mtu usiyemjua jina wala nchi. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary iliripoti kwamba nakala za KMSPico, kreki ambayo mafundi wengi wanaifahamu, zilikuwa zikisambazwa zikiwa na programu hasidi iitwayo Cryptbot, ambayo kazi yake ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Na kompyuta ya gemu katika nyumba zetu haiishii kwenye gemu. Mama anaifungulia tovuti ya kodi, kaka anaingilia akaunti ya benki, mdogo mtu anajaza humo fomu za mkopo wa chuo. Mfumo ulioupata moja kwa moja kwa waliouunda, unaopata apdeti bila kumdanganya mtu, ni kitu ambacho nyumba nyingi hapa hazijawahi kuwa nacho. Hilo ndilo Linux inaloleta. Mengine ni ziada.

Na usiseme ni kitu kigeni. Simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na kiini cha Linux kiitwacho kerneli, kile kile alichokitangaza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Ubuntu, toleo la Linux linalojulikana kuliko mengi, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa walituma sidii kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kilichokosekana wakati ule, kwa mtu wa gemu, ni gemu.

Hapo pana hadithi, na inafaa tukae nayo kidogo.

Kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la Steam, iliasisiwa mwaka 1996 na watu wawili waliotoka Microsoft. Mmoja wao, Gabe Newell, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba Windows 8 ingekuwa balaa kwa biashara nzima ya kompyuta. Hofu yake ilieleweka. Windows 8 ilikuja na duka lake lenyewe. Mwenye mfumo endeshi akiamua kwamba programu zote zipitie kwenye duka lake, Steam inakuwa mpangaji asiye na mkataba. Valve ikaanza kujijengea pa kukimbilia. Mwaka 2013 Steam ikafika Linux. Mwaka 2015 zikatoka Steam Machines, kompyuta za sebuleni zenye Linux, na zikaanguka vibaya. Sababu kubwa ilikuwa moja: watengenezaji wa gemu walitakiwa watengeneze upya gemu zao kwa ajili ya Linux, na wachache tu waliona faida ya kuhangaika kwa wateja wachache.

Aliyebadilisha mchezo hakuwa kampuni. Alikuwa mpenzi wa gemu, Philip Rebohle, aliyetaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. Gemu hiyo, kama nyingi za Windows, inaamrisha kadi ya picha kwa DirectX, ambayo ni mali ya Microsoft. Linux haina DirectX. Ina Vulkan, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2016 na ni wazi kwa wote. Rebohle akaandika programu inayopokea amri za DirectX na kuzigeuza kuwa za Vulkan papo hapo, akaiita DXVK. Valve ikaona, ikamlipa aendelee. Kando yake ilikuwapo Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 wa kuendesha programu za Windows ndani ya Linux. Agosti 2018 Valve ikaunganisha vitu hivi na vingine, ikaviita Proton, ikaviweka ndani ya Steam yenyewe.

Proton ni mkalimani. Gemu inadhani inazungumza na Windows. Proton inasikia, inageuza, inaipa Linux, inarudisha jibu. Gemu haijui kitu. Na watengenezaji hawakutakiwa kufanya lolote, jambo ambalo Steam Machines hazikuweza. Mkalimani huyu ana kasi kubwa mno. Kwa gemu nyingi hutaona tofauti kwa macho, na zipo zinazokwenda vizuri zaidi ya zilivyokuwa Windows. Februari 2022 Valve ikatoa Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi inayotumia Linux, na tangu hapo watengenezaji wengi wameanza kupima gemu zao kwenye Linux kwa hiari, kwa sababu sasa kuna wateja. Oktoba 2025, mwezi ule ule Windows 10 ilipoagwa, takwimu za Steam zilionyesha watumiaji wa Linux wamevuka asilimia 3. Ni wachache bado. Lakini ni wachache ndani ya duka lenye mamilioni ya watu.

Kwa hiyo Elden Ring inacheza. Witcher 3 inacheza, Cyberpunk 2077 inacheza, Red Dead Redemption 2 inacheza, God of War inacheza, Tekken 8 inacheza. Dota 2 na Counter-Strike 2 hazihitaji hata mkalimani, zina matoleo yao ya Linux. Euro Truck Simulator 2 hali kadhalika. Gemu ulizonunua Epic utazipata kwa programu iitwayo Heroic. Kabla ya kuhangaika, kuna tovuti ya ProtonDB ambako wachezaji wenyewe huandika kila gemu inavyokwenda na kwa kadi gani. Isome. Itakuokolea usiku mzima.

Sasa nakuja kwenye habari mbaya, na nataka uisikilize vizuri kuliko yote niliyosema.

EA Sports FC haichezi kwenye Linux. FC 24, FC 25, FC 26, hapana. Si kwamba inakwenda polepole, haifunguki. Hata ukitaka kucheza peke yako, kazi ya ukocha, bila intaneti, haifunguki. Na wewe unajua na mimi najua kwamba katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ukisema gemu umesema mpira.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana haina uhusiano na nguvu ya mashine. Gemu za kushindana mtandaoni zina programu za kuzuia udanganyifu, zinazowinda wenye kutumia msaada haramu wa kulenga au wa kuona nyuma ya ukuta. Kwenye Windows, nyingi ya programu hizi zimeingia hadi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, mahali ambapo zinaona kila kinachotokea kwenye mashine. Linux haizipi uhakika kwamba zinachokiona ni kweli. Kerneli yake ni yako. Unaweza kuifungua, kuibadilisha na kuijenga upya nyumbani kwako, na programu ya ulinzi haina namna ya kujua kwamba uliyoijenga inasema kweli. Uhuru ule ule unaonifanya nikusifie Linux ndio unaomfanya mwenye gemu asikuamini. Sitaki kumfanyia dhihaka. Wadanganyifu wapo, na wanaudhi.

Lakini kuna pahali nakataa kumwonea huruma. Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo hutumiwa na kampuni nyingi, zimekuwa na uwezo wa kufanya kazi na Proton tangu mwaka 2021. Mwenye gemu anachotakiwa ni kuruhusu. Wengine wameruhusu, na gemu zao zinachezwa. Epic, wanaomiliki Easy Anti-Cheat yenyewe, hawakuiruhusu kwa Fortnite. GTA Online ilikuwa inachezwa vizuri hadi Septemba 2024, Rockstar wakaongeza BattlEye bila kuifungulia Linux. Tangu hapo umebaki na hadithi ya mchezaji mmoja. Apex Legends ilikuwa imeruhusu, kisha tarehe 31 Oktoba 2024 ikafunga mlango. League of Legends ilichezwa na watu wa Linux kwa miaka, hadi programu ya ulinzi ya Vanguard ilipoingia mwaka 2024. Valorant haijawahi. PUBG ya kompyuta hapana, Call of Duty mpya hapana.

Utaona basi kwamba uamuzi huu wa kuhama hauamuliwi na kadi ya picha wala na upenzi wa programu huria. Unaamuliwa na unacheza na nani. Mtu wa gemu za hadithi, anayecheza peke yake usiku, ameshafika Linux, hajui tu. Mtu ambaye raha yake ni kumfunga binamu yake mabao manne, nyumba yake bado ni Windows, au ni ile PlayStation ya kibandani, na simlaumu.

Kwa aliyeamua kuhama, machache ya kazi.

Kadi ya picha kwanza. Kama ni AMD, una raha: draiva zake ni huria na zimo ndani ya mfumo, hakuna cha kutafuta. Nvidia inakwenda, lakini draiva yake kamili ya gemu ni lazima uisakinishe, na kwa gemu za DirectX 12 hupoteza kasi kiasi ukilinganisha na Windows. Torvalds mwenyewe aliwahi kuitukana Nvidia jukwaani nchini Finland mwaka 2012, kwa kidole, mbele ya kamera. Tangu wakati huo kampuni imelegea kidogo. Wewe mwenye GTX 1050 au 1060 sikiliza: draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kadi hizo. Hakikisha toleo la Linux unalochagua linakupa hiyo 580, si ya mbele yake, la sivyo huenda ukawasha mashine usione picha. Na kama huna kadi kabisa, unategemea picha ya ndani ya Intel ya kizazi cha 4, usitarajie makubwa: DXVK tangu toleo la 2 inataka Vulkan 1.3, na chipu hiyo haifiki hapo.

Toleo lipi? Kwa mtu anayeanza, nasema Linux Mint. Faili lake ni kama gigabaiti 3, sura yake haimtishi aliyezoea Windows, na ina dirisha la kuchagua draiva kwa kubofya. Bazzite imetengenezwa kwa ajili ya gemu na inaiga Steam Deck, ni nzuri, ila ni nzito kuipakua. Usimsikilize anayekwambia uanze na Arch. Huyo anatafuta mtu wa kuteseka naye.

Usifute kitu siku ya kwanza. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo pima kwanza Wi-Fi, sauti na picha. Kisha, ukiweza, nunua SSD ndogo ya pili, chomoa ile ya Windows wakati wa kusakinisha, weka Linux kwenye mpya. Utakuwa na zote mbili, na mpira wako utabaki pale pale. Kama ni laptop na diski yake imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake kabla hujagusa chochote kwenye BIOS.

Na bando. Hapa ndipo watu wengi huumia bure. Gemu moja ya leo inaweza kufika gigabaiti 100, na mtu akihama anadhani lazima apakue zote upya. Si lazima. Proton inatumia mafaili yale yale ya Windows. Nakili folda ya steamapps kwenda kwenye diski ya Linux, fungua Steam, iache ikague. Nimesema nakili: usijaribu kuchezea moja kwa moja kutoka kwenye diski ya Windows yenye mfumo wa NTFS, kwa sababu Proton hugombana nayo na utadhani gemu ndiyo mbovu. Kama rafiki yako ana gemu hiyo hiyo, Steam tangu mwaka 2023 inaruhusu kuihamisha kutoka kompyuta yake kuja yako kupitia ruta ya nyumbani, na sehemu kubwa ya mafaili haitapita kwenye bando. Tena, kwenye Linux Steam hupenda kupakua kwa siri siri mafaili ya shader yaliyotayarishwa mapema, karibu kila siku. Kama unanunua bando la wiki, ingia kwenye mipangilio ya Downloads uzime. Gemu itakwamakwama dakika za mwanzo, kisha itazoea.

Namalizia na mafundi, maana ninyi ndio mnaoamua mashine ya jirani itaendeshwa na nini. Kwenye kile kicha cha funguo chenye flashi ya Windows na flashi ya kreki, ongezeni moja ya Linux Mint. Mteja akileta OptiPlex ya kizazi cha 6 na kusema anataka Windows 11, msikimbilie Rufus. Mwulizeni kwanza anachocheza, mwambieni kweli kuhusu FC na GTA Online, kisha mwacheni achague. Na ada ya usakinishaji mtozeni ile ile. Kazi ni kazi.